Waliopitishwa Geti la Kuni

Nimestaafu, na bado saa kumi na moja ya alfajiri miguu yangu iko chini inatafuta kandambili. Nafagia uwanja ambao mjukuu wangu ameshaufagia jana jioni. Nabandika maji ya kuoga ya watu wanane wakati humu ndani tuko watatu. Mkwe wangu ananiambia, "Mama, pumzika," nami namjibu sawa, kisha nainuka kwenda kuangalia kama ndoo zimefunikwa. Kwa hiyo wasichana wa kazini kwangu zamani, kwenye makazi ya wazee, waliponifuata hapa Gongo la Mboto na daftari jipya, wakasema, "Sista, tuandikie mlivyokuwa mkifanya kazi enzi zenu," sikuwaringia hata kidogo. Nilikuwa natafuta kitu cha kuishika mikono yangu.

Vyeo nitaviruka. Mishahara nayo nitairuka, maana yenyewe ilikuwa na tabia ya kuturuka sisi. Nitaandika mambo mawili matatu ya kazi, halafu nitaandika jambo moja ambalo haliniachi nikae.

Niliripoti mwishoni mwa miaka ya themanini, nikitokea Ndanda, na cheti cha uuguzi msaidizi nilichokikunja ndani ya kitenge kisilowe. Makazi yetu ya wazee yalikuwa upande wa Temeke, nje kabisa, ambako siku zile ukimtajia mtu wa mjini anakuuliza kama huko nako ni Dar es Salaam. Kulikuwa na mabweni mawili marefu, la wanaume na la wanawake, banda la kulia katikati, na jiko kwa nyuma. Geti kubwa lilitazama barabara. Nyuma ya jiko kulikuwa na geti dogo la mbao la kuingizia kuni, na hapo ndipo sehemu kubwa ya habari yangu ilipopitia.

Siku yangu ya kwanza ilianza kwa kengele. Matroni, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo na macho makubwa, aliigonga mwenyewe, kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwarobaini. Kengele ya kwanza, wazee wote waamke. Ya pili, wakae kwenye benchi la zege nje ya bafu, kila mmoja na shuka kiunoni, wangoje kuogeshwa kwa zamu. Tulikuwa tunaogesha kama watu wanaoosha vyombo vya shughuli. Ukimaliza mmoja unamfuta, unamvalisha nguo ya juu kabisa kwenye lundo, iwe imemtosha au la, unaita mwingine. Gauni alilovaa Bibi huyu leo, kesho lilivaliwa na yule.

Nikafika kwa bibi mmoja mfupi, mweusi wa kung'aa, Mzaramo mzaliwa wa pwani hii hii, kwao Kunduchi. Nikaanza kumvua shuka. Akanishika mkono, akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu.

"We binti, hata shikamoo hujanipa, ushanivua nguo?"

Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akauachia mkono wangu, akageuza mgongo nimsugue. Huyo ndiye Bi Mwanahawa. Mtanisamehe, lakini katika miaka yote ya semina na makaratasi sijapata kufundishwa kitu kikubwa kuliko kile, na ilinichukua zaidi ya miaka mitano kukielewa.

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa mwanamume wa Kisarawe, mwembamba, mpole, aliyekuwa mfunga vidonda tangu ujana wake. Sote tulimwita Dresa Athumani. Ninyi mnaogeuza wagonjwa kwa kuwavuta kwapa, someni hapa. Dresa alinionyesha kukunja shuka mara mbili, kuipitisha chini ya mgonjwa kutoka mabegani hadi mapajani, watu wawili wakasimama huku na huku na kuvuta shuka badala ya ngozi. "Usimvute mzee," alikuwa akisema. "Vuta shuka, mzee atakuja mwenyewe." Alinifundisha kunusa kidonda kabla ya kukifungua. Alinifundisha kuutia maji ya uvuguvugu mkono wangu kabla ya kumgusa mtu asubuhi ya baridi. Sijamwona mtu wa mikono safi kama yule, na ninawaambia mapema kwamba nilimpenda, kwa sababu uongo nao alinifundisha yeye.

Wiki ile ile ya kwanza mzee mmoja alifariki kabla ya chai. Dresa alimfumba macho, akamfunga taya kwa bandeji, akanituma nilete machela. Tukamlaza ubavu kidogo, tukamwekea mto kichwani kama anayesafiri, blanketi hadi shingoni. Hatukutoka kwa mbele. Tulizunguka jikoni, tukapita geti la kuni, na nje gari lilikuwa linangoja. Halmashauri itamzika. Tuliporudi, Matroni alikuwa ameshatandika kitanda kwa shuka mpya, na chai ikagawiwa kwa wakati wake.

"Wakiuliza, sema amepelekwa hospitali," Dresa akaniambia akinawa.

"Na wakiuliza anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Hawa watu wako kwenye foleni, sista. Usiwahesabie foleni."

Aliyasema kwa huruma. Alikuwa anaamini anawapunguzia mzigo, nami niliamini. Wazee hawakuuliza sana. Mmoja alitazama kitanda kilichotandikwa, akaangalia pembeni, akaendelea kukoroga chai. Nikaona hiyo ni amani.

Nimeinuka mara mbili tangu nianze ukurasa huu. Mara ya pili nimekuta nimeosha beseni lililokuwa safi. Tuendelee.

Miaka ya ruksa ikakolea, biashara zikafunguliwa. Sabuni iliyokuwa ikigawiwa kwa kukatwa vipande ikaonekana imepangwa mpaka kwenye meza za njiani. Mitumba ikafika, na magauni ya wazungu yakaingia kwenye lundo letu, kwa hiyo kuna asubuhi ungekuta mzee wa Rufiji amevaa koti la theluji kwenye joto la Februari. Serikali ikaanza kusema habari za kuchangia gharama, wafadhili wakaanza kuja na magari yao marefu, na Dresa Athumani akastaafu akarudi Kisarawe. Tukaletewa msimamizi mpya, Bwana Mbaga, kijana msomi, mwenye haraka, aliyetoka kwenye semina mjini na bunda la karatasi kubwa na kalamu nene za rangi nne.

Bwana Mbaga alizibandika karatasi kwenye banda la kulia, akatuambia kwamba kuanzia siku hiyo makazi ni nyumbani kwa wazee, sisi tupo kazini nyumbani kwao, na wao ndio waamuzi. Matroni aliuliza kama na yeye anaweza kuamua kwenda zake. Lakini mtu yule alimaanisha. Akawakusanya wazee, akauliza, "Mnapenda kula nini?"

"Chochote tu, mwanangu," wakajibu.

"Mnapenda kuamka saa ngapi?"

"Saa yoyote mtakayoona inafaa."

Ikawa hivyo mwezi mzima. Kalamu nene zikakauka. Siku moja Bi Mwanahawa akamwonea huruma, akamwambia, "Baba, mgeni ndiye anayeulizwa atakula nini, na mgeni mwenye adabu hajibu. Mwenye nyumba huwa anaingia jikoni, anafunua sufuria." Bwana Mbaga alikuwa mwepesi kuelewa, hilo sitamnyima. Kesho yake akafungua mlango wa jiko, akamwambia mpishi asimfukuze mtu. Baada ya wiki mbili mpishi alitaka kuacha kazi, maana kila bibi alikuwa na neno juu ya nazi. Tukajua tumefanikiwa.

Basi mambo yakaenda kasi. Reli ikashushwa kwenye mwarobaini. Lundo likafutwa, kila mtu akawa na nguo zake ndani ya sanduku lake. Kuoga, anayetaka asubuhi aoge asubuhi, anayetaka jioni jioni, na mlango wa bafu ukatiwa komeo la ndani. Wanawake wakaruhusiwa kwenda kusalimia bweni la wanaume mchana, na Matroni akapata ugonjwa wa moyo mara tatu, zote za uongo. Wageni walikuja kutuona, wakatupiga picha. Nilikuwa najisikia vizuri sana. Nawaambia ili mjue mtu anaweza kujisikia vizuri kiasi gani huku kitu kinaoza nyuma ya kabati.

Maana hakuna aliyeuliza habari ya geti la kuni. Bwana Mbaga hakujua, sisi tulishazoea, na kwenye karatasi zake kubwa hapakuwa na mahali pa kufa.

Kitanda cha pembeni ya Bi Mwanahawa alilala Bi Mosi, rafiki yake wa kushibana. Walikuwa wakigombana kutwa juu ya tambuu, yale majani ya kutafuna, nani amemaliza chokaa ya nani. Alfajiri moja Bi Mosi alifariki mikononi mwangu, kimya, moyo umechoka. Bi Mwanahawa alikuwa msalani. Nilikuwa na dakika kumi. Nikafanya kama nilivyofundishwa: bandeji, mto, blanketi, jikoni, geti. Aliporudi akakuta shuka mpya.

"Mosi yuko wapi?"

"Amezidiwa kidogo, amepelekwa hospitali."

Akakaa kitandani kwake. "Haya."

Kesho yake akaniuliza anaendeleaje. Nikasema ameongezewa maji, ana nafuu. Keshokutwa nikasema ameanza kunywa uji. Bi Mwanahawa akafungua sanduku, akatoa kanga iliyokunjwa, akasema, "Mpelekee, hospitali kuna baridi." Nikaipokea. Ningefanyaje? Nikaiweka kwenye droo ya meza yangu ofisini. Wiki iliyofuata akanipa tambuu, na chokaa ndani ya kikopo. Kisha andazi alilolifunga kwenye gazeti. Kisha kitana. Kila siku swali, kila siku jibu, na kila siku chache kitu cha kupeleka. Droo ikajaa mpaka ikawa haifungi. Nilianza kukwepa bweni la wanawake. Nikawa naomba zamu za kufua, mimi niliyekuwa nachukia kufua. Nilikuwa natembea uwanjani kutoka jiko hadi geti, kutoka geti hadi jiko, Matroni akaniuliza kama nina minyoo.

Sasa nimfikishe Mzee Mihayo. Huyu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kuli wa bandarini aliyebeba magunia tangu ujana mpaka mgongo ukakataa. Mrefu, mbishi, ana kicheko cha kuamsha bweni. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara, kwa hiyo yeye na Bi Mwanahawa walitukanana kila walipoonana, matusi ambayo mtu mwingine angeyatoa angepelekwa polisi. Kwa asiyejua utani: mtani wako ana ruhusa ya kukusema lolote, kuchukua kitu chako, na siku ukifa yeye ndiye anayefanya vituko msibani. Anakulalia njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, anaiga ulivyokuwa ukitembea, anawachekesha wafiwa wapate kupumua. Msiba usio na mtani ni mzito hauna mpini.

Mzee Mihayo alikuwa na ngiri ya siku nyingi, zawadi ya magunia. Asubuhi moja, chai ikiwa mezani, nilimkuta amejikunja, jasho limemlowesha shuka, tumbo gumu. Daktari wa wilaya kwa bahati alikuwa kwenye ziara yake. Akampapasa, akanivuta pembeni. Utumbo umenasa, akasema, apasuliwe leo, kesho tutakuwa tumechelewa. Gari likasogezwa. Nikaleta machela.

"Mzee Mihayo, twende baba, gari tayari."

"Kwenda wapi?"

"Hospitali."

Akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Mikono ile ilikuwa bado ya kuli.

"Sista Filo, mie nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, baba."

"Basi niache nife hapa kwenye godoro langu. Huko mnakopeleka watu mie siendi. Kondo mlimpeleka. Mosi mmempeleka. Hakuna anayerudi, hakuna anayetuma hata salamu. Siendi."

Nilimwambia ni hospitali ya kweli, wana vyumba vya upasuaji, atapona. Akafumba macho. Nilisikia maneno yangu yanavyotoka, kwa sauti ile ile niliyokuwa nasemea "anaendelea vizuri," na nikajua hawezi kuyatofautisha. Nisingeweza mimi mwenyewe.

Matroni akafika. "Mfungeni kwenye machela. Akipona atanishukuru."

Bwana Mbaga naye akaja, amekunja mikono ya shati. "Hafungwi mtu. Tulikubaliana, uamuzi ni wa mzee."

"Uamuzi wa kufa?"

"Hata huo."

Wakabishana juu ya kitanda, mmoja upande huu na mwingine ule, na katikati Mzee Mihayo anauma meno. Wazee walikuwa wamejazana mlangoni, Bi Mwanahawa mbele yao. Nami nimesimama na kipimajoto mkononi nisijue cha kukifanyia. Walikuwa wanagombea uamuzi wa mtu, na yule mtu alikuwa anaamua kwa habari nilizompa mimi. Kumfunga ilikuwa dhambi, na kumwachia nayo ilikuwa dhambi.

Nikatoka mbio mpaka ofisini. Nikaichomoa droo nzima, nikarudi nayo kifuani, nikaiweka chini katikati ya bweni.

"Mzee Kondo hakwenda hospitali," nikasema. "Alifariki kitanda kile pale, siku ya Ijumaa, nikamtoa geti la kuni. Mzee Pazi alifariki. Bibi Tatu alifariki. Mzee Ngonyani alifariki, wakati mnakula. Bibi Sijaona alifariki."

Niliendelea. Nilitaja kila niliyemkumbuka, na nikagundua nawakumbuka wote, na vitanda vyao. Kila jina lilipotoka, mlangoni palitoka sauti ndogo, huyu "inna lillahi," yule "Mungu amlaze pema," polepole, kama watu waliokuwa wameyaweka maneno hayo mdomoni miaka mingi wakingoja nafasi. Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo lililonivunja. Matroni alikaa kwenye kitanda kitupu akafunika uso kwa kofia yake.

"Na Mosi?" Bi Mwanahawa akauliza.

"Alifariki asubuhi ile ile, ulipokuwa msalani. Mkono wake nilikuwa nimeushika mimi. Nisamehe, bibi."

Alisogea mpaka kwenye droo, akaitazama kanga yake. "Nilijua tangu siku ya tatu. Ulisema anakunywa uji. Mosi na uji! Angekunywa mafuta ya taa kwanza."

"Sasa kwa nini uliendelea kuniletea vitu?"

"Nilitaka nione utachoka lini."

Niliona aibu ambayo mpaka leo ikinijia niko sokoni nasimama, nasahau nilichofuata.

Kisha akageukia kitanda. "Wewe Mnyamwezi!"

"Niache, Mzaramo, nina shughuli ya kufa."

"Utakufaje bila ruhusa yangu? Nani mtani wako hapa? Ukifia hapo kwenye godoro hilo chafu, mie nitapata nini? Panda gari. Ukirudi mzima, tutaendelea kutukanana. Ukifa, Sista atakuja kuniambia kwa mdomo wake siku hiyo hiyo. Na utaletwa hapa, kwa geti la mbele, nikuzuie njia mpaka unuke."

Mzee Mihayo akanitazama. Si Bwana Mbaga, si daktari. Mimi. "Utamwambia kweli?"

"Nitamwambia."

"Geti la mbele?"

"La mbele, baba."

Akaachia chuma, kidole kimoja baada ya kingine. Tukapitisha shuka chini yake, tukavuta.

Nilikaa naye hospitali. Alipasuliwa mchana ule, akatoka mzima, jioni akafungua macho akaniambia nimwambie yule Mzaramo asithubutu kugusa blanketi lake. Niliamini amepona. Kesho yake asubuhi homa ikapanda, tumbo likavimba upya, madaktari wakaja wakaenda, na saa saba mchana alifariki. Tulikuwa tumechelewa, waliniambia. Labda kwa saa chache. Labda zile saa alizong'ang'ania chuma cha kitanda, na zile zote kabla yake, alizoumia usiku bila kuniita kwa sababu aliogopa nitamtajia hospitali. Nimezipiga hesabu saa hizo mara nyingi, na hesabu haitoki.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayo ulimini, ile "anaendelea vizuri." Ilikuwa imekaa tayari. Siwadanganyi, niliposhuka nilijiambia nimwache apate usingizi mmoja zaidi, nitasema kesho.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya geti kubwa, peke yake juani.

"Usikae," akasema. "Sema hapo hapo uliposimama."

"Amefariki, Bi Mwanahawa. Saa saba mchana huu."

"Alikuwa na mtu?"

"Nilikuwapo."

"Alisema nini?"

"Alisema usiguse blanketi lake."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika geti, na katikati ya kicheko machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta wala hakuacha kucheka. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja bweni la wanaume, akalichukua lile blanketi.

Halmashauri ilitaka kumzika kutoka huko huko. Bwana Mbaga alikwenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi la ofisi ya mtu mpaka wakamchoka, akarudi na mwili asubuhi. Wanaume wa msikiti wa jirani walikuwa wamefika kuosha na kuzika. Gari lilipokata kona kuingia, lilimkuta Bi Mwanahawa amejilaza katikati ya geti kubwa, amejifunga blanketi la marehemu kwenye jua lile.

"Hapiti mtu! Kabeba mizigo ya watu miaka arobaini, leo kabebwa yeye. Mshusheni atembee! Mnyamwezi gani huyu anapakiwa kama gunia la mbaazi?"

Wazee walicheka na kulia kwa pamoja, wengine wameshikana. Matroni ndiye aliyemlipa mtani: kibiriti na majani matatu ya tambuu. Akavipokea, akavikagua, akasema havitoshi, kisha akajiviringisha pembeni. Tulikaa matanga siku tatu banda la kulia. Ilipofika siku ya pili nikaona kwamba hawamlilii Mzee Mihayo peke yake. Kila mmoja alikuwa amekuja na maiti wake. Bibi mmoja alimlilia Kondo kwa jina, na sisi hatukujua hata kama walikuwa wakizungumza. Mimi nilichemsha chai. Nilichemsha chai siku tatu bila kukaa, maana kila nilipokaa nilisikia saa zile.

Toka hapo hatukumtoa mtu kwa nyuma. Ninyi mmekuta hivyo, mnaona ni utaratibu wa kawaida: taarifa asubuhi ile ile, kitanda kinalala bila kutandikwa mpaka watu wazike, na mgonjwa anapanda gari bila kung'ang'ania chuma cha kitanda. Geti la kuni Bwana Mbaga aliliziba kwa matofali. Mpishi alilalamika mwaka mzima, ikabidi kuni zipite mbele.

Bi Mwanahawa aliishi miaka mingine minne. Alikwenda hospitali mara mbili, akarudi mara mbili, akitusimulia ubaya wa uji wa huko. Kabla ya ile ya tatu nilikuwa namfunga kanga kichwani akasema, "Mtani wangu nimemzika. Mie nani atanizuia?"

Nikamwambia mji huu una Wanyamwezi tele, tutamtafuta mmoja.

"Sitaki wa kukodi," akasema.

Alipofariki nilitangaza mwenyewe banda la kulia. Alasiri wanaume wakalibeba jeneza, wakaanza kwenda nalo geti kubwa, na wazee wote wakasimama kuangalia. Geti lilikuwa wazi. Hapakuwa na mtu. Wabebaji walikuwa wanakwenda haraka, kama inavyotakiwa, na niliona wazee wanatazama lile geti tupu, na mmoja akainamisha kichwa.

Mimi ni Mmakua wa Masasi. Baina yetu na Wazaramo sijapata kuambiwa kama kuna utani, na mtu hajipi utani mwenyewe. Nilikuwa kwenye sare, na Matroni yuko hatua tano. Nikakimbia. Nikakaa chini katikati ya geti, miguu nimenyoosha.

"Sista, tupishe," akasema mwanamume wa mbele.

"Hapiti mtu," nikasema. Sikuwa na mzaha hata mmoja. Nikatafuta, nikatafuta. "Huyu bibi... huyu bibi amewaambia watu wote sare yangu imenibana makalio. Hapiti mpaka aombe radhi."

Nyuma ya jeneza mzee mmoja akapasuka kicheko, akafuata mwingine, likawa banda zima, nami nalia palepale chini kwa sauti, kofia imeanguka. Wabebaji wamesimama na jeneza begani, hawajui waniruke au wangoje. Bibi mmoja akaja akijikongoja kwa mkongojo wake. Nilidhani anakuja kuniinua. Akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha tambuu, akakiweka kiganjani mwangu, kama anavyopewa mtani.

"Chukua chako," akasema, "umpishe mwenzio."